Watu Sitini na Watatu wa Jumamosi

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua siku ya tano mfululizo. Paa la darasa la sita linavuja pale pale ninaposimama, kwa hiyo leo nimefundisha hesabu za sehemu nikiwa nimeegemea dirisha, na watoto wamepata cha kuchekea. Daftari hili nimelinunua dukani Macalder kwa sababu kichwa kimejaa na nyumba ni tupu. Binti yangu Joyline yuko shule ya bweni Asumbi, na baba yake tulimzika miaka minne iliyopita. Marehemu alikuwa akiniambia nina mdomo wa kufukuza wageni. Basi mdomo ufanye kazi kwenye karatasi.

Sheria yangu ni moja. Mimi ni Msabato. Kalamu, jiko na jembe hulala Ijumaa jua linapozama na huamka Jumamosi jua linapozama. Tarehe ya Jumamosi nitaiandika Ijumaa mapema, na chini yake nitaacha nafasi tupu.

Jumatano, 5 Novemba

Uchaguzi unakaribia na watu wameanza kurukwa na akili. Mambo ya rais tunayasikia redioni. Kinachotugombanisha hapa ni kiti cha diwani. Upande mmoja ni Walter, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, na alama ya chama chake ni nyundo. Upande wa pili ni Mwikwabe, Mkuria aliyechimba dhahabu kwenye mashimo ya hapa kwa miaka ishirini. Alama yake ni mwavuli.

Sasa mvua ya Elinino inamwagika bila huruma, na wenyeji wameacha kubeba miavuli wasije wakaonekana wameuza wadi. Mchungaji mwenyewe leo kapita amejifunika gunia. Nao wachimbaji, ambao kutwa kazi yao ni kupasua mawe kwa nyundo, siku hizi wanaiita "ile chuma". Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Halafu nikakumbuka mwavuli wangu uko barazani, nikautoa haraka nikauficha chini ya kitanda.

Ijumaa, 7 Novemba

Nyamoita kapita mchana na ndizi za kupika. Huyu ni mama wa Kisii mwenye kibanda cha uji na chapati kando ya mashimo. Tangu nifiwe, ndiye mtu pekee anayeingia kwangu bila kubisha hodi. Leo alikaa kwanza, kisha akaniambia kwamba kule mashimoni wanasema Mwalimu Phanice alifunga kitabu cha kura makusudi ili shemeji yake ashinde.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa sita nilikuwa karani wa kuandikisha wapiga kura hapa shuleni. Kituo chetu kilipewa siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi. Siku mbili za kwanza niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Jumamosi sikufungua, ilikuwa Sabato. Sasa, mwenye mashimo naye ni Msabato. Mashine zake huzimwa Ijumaa jioni, na wachimbaji hupata siku hiyo moja tu ya kutoka. Wakashuka Jumamosi kuja kujiandikisha, wakakuta kufuli.

"Niliwaambia, huyo Mwalimu hata chai hapashi moto siku ya Sabato," Nyamoita alisema. "Nikawaambia, mkitaka kumtukana, mtafute chapati mahali ingine."

Nilimshukuru, nikampa mayai sita aende nayo. Sijui kwa nini nilimpa mayai.

Jumamosi, 8 Novemba

 

Jumatano, 12 Novemba

Mtihani wa darasa la nane. Msimamizi kaja na viatu mkononi.

Jumatatu, 17 Novemba

Jana Mwikwabe alifanya mkutano sokoni. Sikwenda, lakini kipaza sauti kilinifuata mpaka jikoni. Alisema kwamba siku ile ya Juni, langoni pa shule, aliandika kwenye karatasi majina ya wote waliorudishwa, na walikuwa sitini na watatu. Nilingoja anitukane, nikawa tayari na majibu yangu matatu mazuri sana. Hakunitukana.

"Hatuna ugomvi na Mungu wa mtu," alisema. "Tunauliza tu, ufunguo ulikuwa na nani?"

Majibu yangu yote matatu hayakufaa. Nimesugua sufuria mpaka nikajichubua.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Kuku mmoja kafa.

Jumapili, 23 Novemba

Jana kanisani mchungaji alinitaja. Alisema kuna dada hapa ambaye serikali ilimpa kitabu na Mungu akampa siku, na yeye akachagua siku. Kina mama wakaguna kwa kufurahi, Orpah wa kwaya akanifinya mkono. Nilipaswa kujisikia vizuri. Badala yake, wakati wa wimbo wa kufunga nilikuwa nahesabu madirisha.

Jumanne, 25 Novemba

Mwanamume mmoja wa mashimoni alinipita njiani leo akatema mate. Huenda alikuwa anatema tu.

Ijumaa, 28 Novemba

Walter kamleta Joyline kutoka Asumbi kwa gari la kampeni, nyundo ya mbao imefungwa juu yake. Mtoto amerefuka. Walter alikunywa chai, akaangalia paa, akasema akishinda tu ataleta mabati. Namjua huyu mtu na sitaki kumwonea hapa. Kaka yake alipokufa, ukoo ulitaka nirithiwe kama desturi ilivyo, nami nikakataa. Walter ndiye aliyesimama mbele ya wazee akasema nyar Kosele, yaani mimi binti wa Kosele, amekataa na yaishe. Karo ya Joyline analipa yeye, na hajawahi kunikumbusha hata siku moja.

Alipokuwa anaondoka alisema kwamba maneno ya mashimoni yasinisumbue, kwani kila mtu anajua Sabato ni Sabato. Akanitazama kidogo zaidi ya inavyohitajika, akaingia garini.

Jumamosi, 29 Novemba

 

Ijumaa, 5 Desemba

Barua zimekuja. Nitakuwa karani siku ya kura pia, kazi yangu ni wino, kuchovya kidole cha kila aliyepiga. Mwalimu Oliver naye kaitwa, yeye ataangalia sanduku. Oliver ni katekista, mtu mpole wa kukera, na mwezi wa sita ndiye aliyekuwa msaidizi wangu kwenye kuandikisha. Nilimwambia kwa mzaha kwamba safari hii watu wa Mwavuli watatuhesabia hata pumzi. Hakucheka.

"Mwalimu, mimi sijasema kitu kwa mtu," alisema. "Lakini wakiniuliza mbele ya Biblia, nitasema niliuomba ule ufunguo."

Nilimwambia aende akapige kengele. Habari za ufunguo sitaziandika leo.

Jumanne, 9 Desemba

Wala leo.

Ijumaa, 12 Desemba

Jamhuri. Sherehe zimenyeshewa. Joyline ananiuliza kwa nini siku hizi nasimama mlangoni hovyo bila kutoka wala kuingia.

Alhamisi, 18 Desemba

Mto Kuja umevunja kingo, na ng'ombe wawili walionekana wakipita katikati ya maji, wamekufa. Vijana wa Nyundo wanasema mvua hii ni laana kwa sababu ya wageni kugombea. Vijana wa Mwavuli wanasema masanduku ya kura yataletwa yakiwa yameshajazwa, na mafuriko ni kisingizio tu. Dukani hata chumvi huwezi kununua kabla hujaulizwa utampigia nani. Leo nimesikia watu wazima wakibishana kama jua lilitoka jana au halikutoka, kila mmoja na chama chake.

Nyamoita anasema wateja wamepungua. Wengine wanasema yeye ni mtu wa Mwalimu. Alisema huku akikunja leso, kisha akauliza kama Joyline anapenda chapati bado.

Jumatatu, 29 Desemba

Naandika nikiwa nimechoka lakini lazima niandike.

Sanduku na karatasi zilifika saa sita mchana badala ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu trekta lililobeba lilikwama. Kufikia hapo laini ilikuwa imezunguka uwanja mara mbili. Watu wamelowa, akina mama wamebeba watoto chini ya karatasi za nailoni, na hakuna aliyethubutu kufungua mwavuli, hata wa Mwavuli, kwani askari alisema ni kampeni. Tulianza. Mimi na chupa yangu ya wino. Unaona vidole mpaka vinakuwa watu, cha mvuvi kina makovu ya nyavu, cha mama mzee hakinyooki, cha seremala hakina ukucha.

Kwenye saa tisa wachimbaji wakaja. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya uchaguzi. Hawakupiga kelele na hawakuingia kwenye laini. Walisimama nje ya kamba, mbele ya meza yangu kabisa, wakainua mikono yao ya kulia, kila mmoja kidole kimoja, kisafi. Mwikwabe alikuwa amewakataza wasiseme neno, nikaona anavyowatazama. Askari hakujua afanye nini, kwa sababu kuinua kidole si kosa. Walisimama hivyo kwenye mvua labda nusu saa. Nilichovya vidole vya watu wengine nikiwa nimeinamisha kichwa, na nikamwaga wino kwenye sketi yangu.

Nyamoita alikuwa akiuzia laini uji kwenye vikombe vya plastiki. Kulipopungua watu aliniletea kimoja. Alipokiweka mezani nikaona kidole chake hakina wino, na kwa kutaka tu kusema jambo lolote nikamwambia afanye haraka apige kura yake kabla hatujafunga.

"Jina langu haliko," alisema.

Nikamuuliza ilikuwaje, wakati anakaa hapa mwaka wa tisa. Akashusha sauti, si kwa hasira, nadhani alikuwa ananihurumia mbele ya watu.

"Siku za wiki nilikuwa na uji jikoni, Mwalimu. Nilikuja Jumamosi, pamoja na wao."

Miezi sita. Ndizi, chapati, hodi zisizobishwa, na wakati wote huo alikuwa mmoja wao. Uji ule sikuweza kuumeza.

Jumanne, 30 Desemba

Upigaji kura uliongezewa siku moja kwa sababu ya mvua. Oliver na polisi wawili wamelala na sanduku. Leo saa kumi limevushwa mto kwa kamba, kuelekea ukumbi wa kuhesabia, na pande zote mbili zimelisindikiza hatua kwa hatua zikitazamana. Hakuna anayemwamini mwenzake hata kushika mkono mmoja wa sanduku. Mtu angesema sanduku ndilo lenye siri. Sanduku lile ni safi. Mimi najua uchafu uko wapi.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Walter kashinda kwa kura arobaini na moja.

Redio ya jirani haijamaliza kutaja rais, ila hapa wamesikia hiyo namba tu. Arobaini na moja, na wa Jumamosi walikuwa sitini na watatu. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza kutoa hesabu hiyo. Mchana vijana wa Nyundo walipita na matawi wakicheza, wakapanda mpaka mashimoni, na walipofika kwenye kibanda cha Nyamoita wakakiangusha. Sufuria ya uji ikamwagika chini na unga ukakanyagwa kwenye matope. Joyline aliona, alikuwa ametumwa huko. Anasema wachimbaji walisimama wakaangalia bila kumsaidia, na mmoja akamwambia Nyamoita amwite Mwalimu wake aje amjengee.

Nimekwenda kwake. Alikuwa anaokota vikombe, akiviosha kimoja kimoja kwenye maji ya mvua. Nilisaidia.

Jumamosi, 3 Januari

 

Jumatatu, 5 Januari

Walter kaja bila gari, kwa miguu, ana matope mpaka magotini. Mwikwabe anataka kwenda mahakamani Kisii na wakili wake atamhoji kila karani. Nilimweleza habari ya kibanda na akaudhika kweli, akasema atawatafuta vijana hao. Kisha akasema nikiulizwa niseme Sabato, basi, nisiongeze.

"Si uongo, shemeji," alisema. "Ilikuwa Sabato ama haikuwa?"

Nilisema ilikuwa. Akashika kofia yake. Mlangoni akanikumbusha, kwa upole wa kuogofya, kwamba shule za bweni zinafunguliwa wiki ijayo na atakuja mwenyewe kumchukua Joyline. Ni mara ya kwanza kuutaja ushahidi wangu na shule ya Joyline kwa pumzi moja. Nilikaa kitako jikoni mpaka chai ikakauka kwenye sufuria.

Jumatano, 7 Januari

Sasa naandika habari za ufunguo.

Ijumaa ile ya Juni, saa kumi jioni, Walter alipita shuleni. Alisimama dirishani akasema wale wa mashimo watashuka kesho wote, na kwamba anamshukuru Mungu kesho ni Sabato. Tukacheka wote wawili. Nilicheka, sitajificha. Alipoondoka Oliver akanijia, akasema yeye ni Mkatoliki, Jumamosi kwake ni siku ya kazi, nimwachie ufunguo wa sanduku la vitabu aendelee kuandikisha, jioni atanirudishia. Nikamwambia kanuni haziruhusu. Hakuna kanuni kama hiyo. Nikafunga, nikatia ufunguo kwenye pochi, na kesho yake nikaenda nao kanisani. Nilikaa kiti cha pili kutoka mbele, nikaimba, na pochi ilikuwa mapajani.

Sabato haikunizuia kumpa Oliver ufunguo. Niliishika Sabato mkononi kama fimbo. Nimeitumia siku ya Mungu kuwapiga watu ambao hawakunikosea, na kwa sababu siku ni ya Mungu kweli, hakuna aliyeweza kunishika.

Asubuhi nimemwambia Nyamoita. Nilimwambia yote, hata kicheko. Alikuwa akikanda unga kwenye meza mpya iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Hakuacha kukanda. Nilitaka apige kelele, nimezoea watu wa kelele, kelele najua kuijibu. Alikanda mpaka unga ukawa laini kupita kiasi.

"Mimi uniambie ya nini?" alisema mwishowe. "Mimi nilikuamini bila kuambiwa. Nenda uwaambie wale niliowaambia wewe si mtu wa kudanganya."

Nikasema nitakwenda leo leo. Akasema leo wako chini ya ardhi, Mwalimu, na wewe unajua wanatoka siku gani.

Ijumaa, 9 Januari

Joyline anakunja nguo za shule. Nimemwambia kwamba huenda baba yake mdogo asije Jumatatu, na kwamba huenda yeye Joyline akaenda kwa babu yake, Kosele, asome shule ya kutwa huko. Aliuliza kwa nini, nikamweleza. Alishika soksi moja mkononi. Kisha akasema, "Si ungempa tu Mwalimu Oliver," akaendelea kukunja. Ana miaka kumi na tano na aliona kwa dakika moja.

Jua linashuka. Naandika tarehe ya kesho.

Jumamosi, 10 Januari

Ni saa nane mchana, jua liko juu, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na mimi naandika. Sijui kama nitasamehewa kwa hili. Ila ningeacha nafasi hii tupu, ingekuwa tena ni kufuli.

Sikwenda kanisani. Nilimpitia Oliver nyumbani kwake, akavaa kofia bila kuuliza tunakwenda wapi. Nyuma tulisikia kwaya ikianza. Mashimoni mashine zilikuwa kimya, na wanaume walikuwa wamekaa kwenye mawe wakikausha nguo zao. Mwikwabe aliinuka akaniletea kigoda. Sikukaa. Niliwaeleza kama nilivyomweleza Nyamoita, kwa sauti ya darasani, na Oliver akasema ndivyo ilivyokuwa. Kuna mmoja aliyenitukana kwa Kikuria, neno fupi, na Mwikwabe hakumkataza. Mwingine akauliza kwa nini nimesema sasa, wakati wamekwisha kushindwa. Nilisema ni kweli, nimechelewa.

Mwikwabe akaingia kibandani kwake akatoka na ile karatasi ya Juni, imekunjwa mara nne, wino umeloa pembeni. Akasema wakili anataka karani aandike chini yake kwa mkono wake kwamba watu hawa walikuja wakarudishwa bila sababu ya kisheria.

"Lakini kwanza uwasome, Mwalimu," alisema. "Wewe ndiye ulipaswa kuwaita."

Basi nikawaita. Nimeita madaftari ya shule miaka kumi na saba. Arasa. Niko. Nyamweya. Niko. Monari. Mtu akasema Monari shimo lilimfunika mwezi wa kumi, na nikangoja kidogo kabla ya kuendelea. Wengine walijibu bila kuniangalia. Wengine walisimama, sijui ni heshima au mazoea ya shule. Watu wengine watano walikuwa wamehama, na wenzao wakawajibia.

Jina lake lilikuwa la hamsini na nane. Alikuwa nyuma yangu, kwenye meza ile ya mlango wa zamani, nilikuwa nasikia chapati zikigeuzwa. Niliita Nyamoita. Sauti ya chapati ikakoma. Nilingoja nikiwa nimekazia karatasi macho, na nilikuwa tayari kungoja mpaka jua lizame.

"Niko," alisema.